Ukuta wa Mtarakwa

Fundi hakuwahi kubisha hodi nyumbani kwangu. Alisukuma mlango wa nyuma kwa kiwiko, akavuka kizingiti, akanipita kama mtu anayempita kuku uani, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa jikoni. Pale aliweka kiganja juu ya mbao zake na kuzipapasa. Akimaliza ndipo aligeuka kunisalimu. Kwa miaka kumi nilisalimiwa baada ya ukuta, na sitajifanya hapa kwamba nilizoea.

Jina lake sitaliandika. Mjini Nyeri mafundi ni wengi, wa mabati, wa mabomba, wa viatu, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, watu wa umri wangu wanajua unamsema nani. Angependa sana jina lake liwekwe hapa, kwa herufi kubwa ikiwezekana, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuliacha.

Kwanza niueleze ukuta wenyewe. Nyumba yetu iko Skuta, mahali ambapo ardhi inateremka, na upande wa nyuma wa jikoni umechimbiwa ndani ya mteremko. Aliyeijenga ni mama mkwe wangu, akamwachia mwanawe tulipooana, yeye akarudi kuishi shambani. Jikoni, kuta zote nne zilikuwa zimevishwa mbao za mtarakwa kuanzia sakafuni hadi kifuani mwangu. Kila ubao uliingia ubavuni mwa mwenzake, na juu ulipita ukanda mwembamba uliolainishwa kwa randa. Wageni walipoingia walisema "haiya!" na kupapasa. Mimi niliona giza. Mwezi wa saba, ukungu ukishuka kutoka mlimani na kukaa mjini siku nzima, nilikuwa nawasha taa saa sita mchana ili nione kama vitunguu vimeungua.

Fundi aliita ule ukuta mkono wake. Hivyo ndivyo alivyoita kila kitu alichokitengeneza. Ungeketi naye kanisani, na kabla ya sala kwisha angeinama akagonga benchi. "Hii ni mkono yangu." Ungekutana naye benki, angekuonyesha kaunta. Mara moja nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya duka la dawa na mtoto mgonjwa mgongoni, akaingia, akapita foleni yote, akafungua na kufunga mlango wa kabati la watu mara tatu, akatugeukia sote akiwa na uso wa mtu aliyetuletea habari njema. Mwenye duka alimhudumia kwanza. Watu walicheka, na mimi peke yangu nilinuna.

Lakini kisa cha mazishi ndicho kilichonimaliza. Mama mkwe alipofariki, jeneza lilitengenezwa na yeye, bila kuombwa. Tumesimama kaburini, mume wangu analia, mchungaji anafungua kitabu, Fundi akasogea, akagonga ubavu wa jeneza kwa vidole viwili, akaniinamia sikioni. Kunong'ona hakujua, kwa hiyo kila mtu alisikia.

"Angalia hiyo kona, Mama Wangeci. Haina msumari hata moja. Ni mkono yangu."

Ni kweli haikuwa na msumari. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba mara nyingi alikuwa na haki ya kujisifu.

Chai yangu hakuinywa. Mimi natoka Kianyaga, na alikuwa na maneno mengi kuhusu watu wa Kirinyaga na jinsi wanavyopika chai. "Nyinyi mnachemsha maziwa, halafu mnaonyesha majani kwa mbali." Alikuja na thamosi yake, akaketi kwenye meza yangu, akamimina chai ya mkandaa nyeusi tititi kwenye kifuniko, akanywa akitazama ukuta. Wazee wa rika lake hawaingii ovyo jikoni kwa mke wa mtu, na yeye kwingine aliijua adabu hiyo vizuri sana. Kwangu aliingia. Nilipomlalamikia mume wangu, ambaye anafundisha shule huko Doldol na kuja nyumbani mara moja kwa mwezi, alinijibu kwa simu kwamba mzee anakuja kuona kazi yake, nimwache. Mama yake naye alinijibu hivyo hivyo. Kwa hiyo nikawa naishi ndani ya kazi ya mtu, na mwenye kazi anakuja kukagua kama naishi vizuri.

Alikuwa na misemo. Kijana akimpelekea meza yenye mguu mfupi, hakumkemea. Alimwambia tu, "Hii umetengenezea adui yako?" Mteja akitaka kitu cha haraka alimwambia aende akanunue plastiki. Na msemo wake mkubwa, aliousema akigonga ubao kwa kifundo cha kidole, ulikuwa huu: "Mbao haidanganyangi mtu. Mtu ndio hudanganya." Niliusikia mara nyingi hata nikawa namtangulia kuumaliza, na hilo halikumpendeza.

Nikisema alikuwa mtu mbaya tu, wenzangu wa Skuta watanikatiza. Kuna mjane hapa mtaani aliyeamka akakuta mlango wake mbovu umeondolewa na mwingine mpya umewekwa, na hadi leo hajui amshukuru nani, ingawa sote tunajua. Vijana aliowafundisha kazi walikula kwake mchana kila siku, wali na ndengu, na aliyekuja bila viatu hakumaliza wiki bila viatu. Binti yangu alimpenda kupita kiasi. Wangeci amepewa jina la mama mkwe, kama desturi yetu ilivyo kwa binti wa kwanza, na Fundi alimheshimu yule mama kuliko mtu yeyote. Basi heshima yote ilihamia kwa mtoto. Alimtengenezea stuli ndogo yenye miguu mitatu, na chini yake akamwandikia jina kwa penseli, kwa zile herufi zake za mraba, WANGECI, mstari mmoja chini, na G yenye mkia kama ndoano.

Penseli haikutoka nyuma ya sikio lake. Kila ubao alioukata aliuandika mgongoni, vipimo, namba, wakati mwingine neno moja au mawili. Vijana wake walisema ukibomoa kabati la Fundi utasoma kitabu. Mimi nilidhani ni majivuno mengine.

Wangeci alianza kukohoa akiwa na miaka mitatu. Mwanzoni yalikuwa mafua ya baridi, na Nyeri nani hakohoi. Lakini hayakuisha. Kikohozi kilikuwa kikavu, cha asubuhi, kinachomfanya ashike ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Alipenda kukaa jikoni kwa sababu ndiko kwenye joto, na chumba anacholala kimepakana na jikoni, kwenye ncha ya ule ukuta wa nyuma. Nilimpeleka kwa daktari, akapewa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Daktari aliniuliza kama nyumbani kuna unyevu au kuvu ukutani. Nilimwambia hakuna, nyumba yetu ina mbao kavu kabisa, za mtarakwa. Nililisema hilo kwa fahari kidogo, Mungu anisamehe.

Fundi akawa analeta asali. Alikuwa na rafiki, mfanyabiashara wa ng'ombe huko Nanyuki, Mwislamu mmoja mpole ambaye kila akitoka Laikipia alimbebea chupa. Asali ile ilikuja kwangu kila mwezi bila kukosa. Fundi aliweka chupa mezani, akamtazama Wangeci akikohoa, akageuza macho ukutani.

"Mpatie kijiko moja asubuhi, moja jioni. Hii si ya duka."

Nilimshukuru. Nilikuwa simpendi, lakini nilimshukuru, na moyoni nilijilaumu kwa kutompenda mtu anayemletea mwanangu asali.

Mama mkwe akiwa hai, kuugusa ule ukuta lilikuwa jambo lisilosemeka. Alipofariki nilingoja mwaka mzima, kwa heshima, kisha nikamwambia mume wangu nataka zile mbao ziondoke. Alinijibu kwa simu.

"Si upake tu rangi? Rangi ni kitu rahisi."

"Sitaki rangi. Nataka ziondoke nione ukuta."

"Hizo ni mbao za mama."

"Na jikoni ni ya nani?"

Alisema niamue mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayetumaini nitaamua anavyotaka yeye. Lilikuwa jambo dogo, mtu wa nje angecheka. Lakini nilikuwa nimepika miaka kumi katika jikoni ambayo wengine waliamua sura yake, na nilitaka mara moja tu niamue mimi.

Nikaita fundi wa kwanza. Alikuja na futi yake, akachuchumaa, akatazama mahali mbao mbili zinapokutana, akakunja futi.

"Hii ni ya Mzee. Ulimuuliza?"

"Nyumba ni yangu."

"Ndio, lakini mkono ni yake."

Wa pili alisema atakuja Jumatatu, na Jumatatu hiyo bado naingoja. Wa tatu alikuwa kijana mchangamfu, akaleta hata mtaimbo, nikafurahi. Akaupachika nyuma ya ule ukanda wa juu, akaona ulivyolainishwa, akautoa.

"Mathe, hii siwezi guza. Huyo buda ndio alinifunza kazi. Nikitoa hii na yeye ako hai, nitaenda wapi hii tao?"

Hivyo ndivyo wanavyoishi, watu wa mbao wa mji huu. Kazi ya aliyekufundisha huibomoi akiwa hai, mpaka aseme mwenyewe. Na karibu kila anayeshika msumeno Nyeri amepitia kwa Fundi, au amefundishwa na aliyepitia kwake. Nilikuwa sina pa kwenda.

Basi nikapaka rangi. Nilipiga msasa mwenyewe siku nne, vumbi jekundu likinijaa nywele, harufu ya mtarakwa ikanifuata hadi dukani kwangu mjini ninakoshona sare za shule. Nikapaka rangi ya maziwa, mkono wa kwanza, mkono wa pili. Jikoni ikafunguka. Nakumbuka asubuhi ya kwanza nilikata sukuma wiki bila kuwasha taa, nikiimba.

Fundi alikuja wiki hiyo. Alisukuma mlango, akapiga hatua mbili, akasimama. Kiganja kilikuwa kimeshainuka, kikabaki hewani.

"Mama Wangeci. Umevalisha mzee nguo ya mtoto."

"Nimependa hivyo, Fundi."

"Ati umependa." Aliketi, akafungua thamosi, akanywa akiwa amegeukia dirisha. Ilikuwa mara ya kwanza kuketi kwangu bila kuutazama ukuta, na nilijisikia nimeshinda kitu.

Ushindi wenyewe ulidumu mpaka mvua ndefu. Chini ya ukuta wa nyuma, rangi ikaanza kutoka madoa ya kahawia, kwanza kama chai iliyomwagika, kisha yakapanda hadi gotini. Nikapaka tena. Yakarudi. Fundi alipoyaona alifurahi waziwazi, akavuta kiti karibu.

"Mtarakwa iko na mafuta. Inatoa jasho. Hata ukipaka mara kumi, itakutemea hiyo rangi. Si nilikuambia?"

Hakuwa ameniambia. Lakini kitu kilinigusa, nikamuuliza ana kwa ana, mtoto akiwa pale pale amekaa kwenye stuli yake.

"Fundi, huko nyuma ya mbao kuna maji?"

Alinitazama. Sijasahau macho yale, hayakupepesa.

"Gonga," akasema.

Nikagonga. Ulilia mkavu, imara, kama mlango wa benki.

"Ingekuwa na maji si ingeoza? Miaka kumi! Mbao haidanganyangi mtu, mama."

Nikaamini. Mimi ni mshonaji, najua watu huweka bitana ndani ya koti kufunika mshono mbaya, nimewahi kuweka mwenyewe. Ningeweza kujiuliza kwa nini mtu avishe kuta zote nne. Sikujiuliza. Niliamini kwa sababu alikuwa anajua kazi yake, na kwa sababu nilikuwa nimechoka.

Likizo ya mwezi wa nane nilimpeleka Wangeci Kianyaga kwa mama yangu. Wiki moja, mama akanipigia simu. Mtoto anakimbia kwenye mashamba ya majani chai kutwa nzima, dawa ya kuvuta amesahau alipoiweka. Wiki tatu hakukohoa. Akarudi nyumbani Ijumaa. Jumatatu asubuhi nilimkuta ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mama yangu si mtu wa maneno mengi, na kwenye simu aliyasema machache.

"Mtoto hana ugonjwa. Ni hiyo nyumba yako iko na ugonjwa."

Nilifunga duka. Nilimpeleka Wangeci kwa jirani, nikaazima mtaimbo na nyundo, nikaanza na ukuta wa nyuma, pale penye madoa. Niseme ukweli, alijenga vizuri. Ubao wa kwanza ulinichukua saa nzima, na misumari ilipotoka ilipiga kelele hadi jirani akaja kuchungulia. Nyuma yake harufu ilinipiga usoni. Plasta ilikuwa imelainika kama uji uliopoa, ukigusa kidole kinazama. Kuvu nyeusi ilikuwa imepanda kutoka sakafuni hadi usawa wa ukanda, nene, yenye manyoya, na nyufa zinatoa maji ya mlimani polepole. Mwanangu alikuwa analala hatua chache kutoka kwa kitu hiki.

Mbao zenyewe zilikuwa nzima. Hapo ndipo nilipoketi chini. Mtarakwa hauozi, ndiyo maana watu hufanya nguzo za ua, zinakaa ardhini miaka na miaka. Mbao za saiprasi, ambazo kila mtu hutumia, zingeoza ndani ya mvua mbili na kumfichua. Miaka yote alijisifia ule mtarakwa, jinsi alivyoupata kwenye ghala kuukuu la upande wa Laikipia, jinsi alivyoubeba. Aliuchagua kwa sababu alijua. Na nilipoambiwa nigonge, aliniambia nigonge kitu ambacho alijua kitalia kikavu.

Ubao wa kona, namba saba, ulikuwa na maandishi marefu mgongoni. Niliupeleka dirishani. Zilikuwa zile herufi za mraba.

UKUTA IKO NA MAJI. NIMEAMBIA MAMA. AMESEMA FUNIKA, WAGENI WANAKUJA JUMAMOSI.

Wageni walikuwa watu wangu. Jumamosi ile ilikuwa itara, siku ambayo mama wa bibi arusi na wanawake wenzake huja kuona nyumba atakayoishi binti yao na kumjazia jiko. Mama yangu alitoka Kianyaga na wanawake kumi na wanane, wamebeba kuni, unga, sufuria, maharagwe. Waliingia jikoni wakiimba, wakapapasa zile mbao, wakapiga vigelegele. Mama mkwe alisimama mlangoni, ameshika mikono yake. Nilidhani ni furaha. Na Fundi, ambaye hakuna aliyemwita, aliingia katikati ya wanawake na shati safi. "Hii ni mkono yangu," akasema, na mama yangu akamshukuru kwa kumtengenezea binti yake jikoni nzuri.

Mama mkwe nilimkasirikia siku mbili tatu, kisha hasira ikapungua. Alikuwa na haya. Alijenga nyumba kwa jasho lake, mwanawe anaoa, wakwe wanakuja kukagua, na ukuta unatoa maji. Alifikiri atautengeneza baadaye, na baadaye ikawa inasonga mbele hadi akafa. Wangeci hakuwa amezaliwa. Sijui ningefanya nini mimi. Lakini Fundi alikuwa hai, akinywa chai mezani pangu, na nilikuwa nimemuuliza waziwazi.

Mume wangu alikuja, akausoma ule ubao, akauweka chini taratibu. Aliniomba tuuchome. Nilikataa. Hakubishana, alichukua jembe na sururu, akachimba mtaro nyuma ya nyumba siku zote zilizobaki za likizo, mpaka mikono ikatoka malengelenge. Tukabandua plasta yote, tukaweka mpya, tukapaka chokaa nyeupe. Mbao nilizijengea kibanda cha kuku, nami sijawahi kuona kuku wanaolala pazuri hivyo. Ubao namba saba peke yake niliupigilia msumari ukutani juu ya meza, mgongo mbele, maandishi yakitazama jikoni. Wangeci aliusoma siku hiyo hiyo, kisha akawa ananiuliza kila mara ni nani aliyeuandika. Nilimwambia mwenyewe atakuja, amuulize. Nakiri nilimtegea.

Lakini hakuja. Habari ilikuwa imemfikia, mji huu ni mdogo. Asali ikakatika pia. Ukapita karibu mwaka, Wangeci akawa anaamka asubuhi na kuimba hadi namwambia anyamaze. Nikasikia Fundi ameanguka, mkono wa kulia haumtii vizuri, vijana wanaendesha karakana.

Kisha Jumapili moja baada ya kanisa mlango wa nyuma ulibishwa. Kidogo tu, mara mbili. Nilifungua nikamkuta na mkongojo. Kofia alikuwa ameishika, na thamosi hakuwa nayo.

"Hodi, Mama Wangeci."

"Karibu, Mzee."

Aliingia polepole. Kwa mazoea kiganja kiliinuka, kikagusa plasta, kikarudi. Wangeci alikuwa mezani juu ya stuli yake anafanya hesabu. Alimsalimu kwa mikono miwili, akamwita Guka, yaani babu, kama zamani. Nilimimina chai, yenye maziwa mengi, nikamsukumia. Aliinywa. Alipoinua kichwa, ubao ulikuwa mbele yake.

Aliusoma hadi mwisho.

"Igeuze," akasema.

"Hapana."

"Mama aliniomba. Nilimpatia neno yangu."

"Mama alikufa. Mimi nilikuuliza, uso kwa uso, ukaniambia nigonge."

"Niliandika."

"Uliandika nyuma, Fundi! Nani angesoma?"

"Fundi huandika nyuma." Akauinua mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akauweka juu ya meza.

"Na mtoto je? Uliona anakohoa. Kila mwezi ulikaa hapo ukaona."

Alisogeza kikombe kando.

"Nilikuwa naleta asali," akasema.

Ningeweza kupiga kelele. Nilikuwa nimeyatunza maneno kwa karibu mwaka, nikiyapanga nikishona. Alikuwa anajua. Chupa ile ilikuwa ni kujua kwake, mwezi baada ya mwezi, nami nikamshukuru.

Wangeci alikuwa ameacha hesabu. Alimtazama babu yake, akatazama juu, akakumbuka nilichomwambia. Aliuliza kwa maneno ya mzee mwenyewe, kwa upole, kama mtoto anayempa mtu nafasi ya kujisifu.

"Guka, hii ni mkono yako?"

Mzee huyu alikuwa amegonga mabenchi ya kanisa, kaunta za benki, jeneza la mtu aliyemheshimu kuliko wote. Nilimngoja. Nilitaka aseme ndiyo, na hadi leo sijui kama nilitaka ili nimchukie vizuri zaidi au ili niache.

"Hapana, mama," akamwambia mtoto. "Hiyo ni ya fundi mwingine."

Akatafuta mkongojo wake, akavaa kofia. Chai aliiacha nusu. Nilimfungulia mlango, hakuaga ukuta wala hakuniaga mimi, akapanda ngazi moja moja akishikilia ukingo wa mtaro.

Nilipogeuka, Wangeci alikuwa amepiga magoti sakafuni. Alikuwa amepindua stuli yake, anasoma jina lake chini, ile G yenye mkia kama ndoano. Aliinua macho kwenye ubao, akarudisha kwenye stuli, akanitazama mimi.

"Mami, mwandiko ni moja."

"Najua," nikamwambia. "Kaa umalize hesabu."